Kodi ya parseli: kabla ya kutoa makuta, omba karatasi



Wiki mbili zilizopita mama moja mjane, hapa Dilolo karibu na gare, alituita. Asubuhi moja mutu mwenye jile na daftari alipita kwake, akazunguka parseli kwa miguu akihesabu hatua, akaandika, halafu akamwambia: «Mama, treni ya Lobito inakuya, bei ya nyumba yako imepanda, na kodi nayo imepanda. Lakini tukisikilizana leo utalipa nusu.» Mama hakuwa na pesa, akaomba siku tatu. Njo katika hizo siku tatu alitutafuta.

Tulienda wanne, na metre ya fundi. Parseli ni mita 15 kwa 30. Nyumba yenyewe ni mita 8 kwa 9, yaani mita mraba 72. Kwenye kipande cha karatasi alichoachiwa mama, bila kashe, bila jina, iliandikwa 450. Mama alikuwa anataka kulipishwa kodi ya nyumba juu ya muhindi wake, juu ya mihogo yake na juu ya choo cha nje!

Tunaandika leo sababu tunajua si yeye peke yake. Tangu habari ya Koridor ya Lobito ianze kusikika kila siku kwenye redio, parseli za kando ya reli zinatafutwa na kila mutu mwenye makuta. Reli ile ilifika mpaka huu wa Angola zamani za Wabeljiji, mwaka 1931, na bazee wetu walijenga kando yake bila kujua kama siku moja itakuwa neno la dunia nzima. Sasa wanaogopeshwa na ile ile reli.

Basi, tuelewe hii kodi vizuri.

Kodi ya nyumba na parseli, ile inaitwa impôt foncier, inatoka kwa ordonnance-loi n° 69-006 ya tarehe 10 Februari 1969. Ni sheria ya wakati wa Mobutu, imebadilishwa mara na mara, lakini mifupa yake ni ile ile. Konstitusyo ya 2006, artikle 204, iliitoa mikononi mwa Kinshasa na kuiweka kwa provinsi. Kwa hiyo tangu Katanga ikatwe mwaka 2015 na Lualaba ikazaliwa, ni provinsi yetu inayokusanya. Kumbuka hii: mutu akikuambia «nimetumwa na Kinshasa juu ya kodi ya parseli», muulize pale pale ni Kinshasa gani.

Sasa sikilizeni neno lenye uzito. Sheria ya 1969 haiangalii bei ya nyumba. Haiulizi kama jirani ameuza kwa dola elfu tano ao elfu hamsini. Inaangalia mambo matatu: ni jengo la namna gani (villa, jengo la ghorofa, nyumba ya kawaida, ao kiwanja kitupu), iko katika mahali pa rangi gani (kuna rangi nne, ya kwanza ni ya miji mikubwa, ya ine ni ya vijiji), na kwa villa, mita mraba ni ngapi. Hizo mita zinapimwa kwa kuta za nje za nyumba. Uwanja si nyumba. Kwa hiyo ile hadithi ya «treni inakuya, bei imepanda» haina kitu ndani ya sheria. Ni maneno ya kutisha mama.

Katika inchi zingine mambo ni tofauti. Kule Nairobi wanafuata kitabu cha bei ya viwanja, na mwenye kiwanja anaweza kubisha ile bei. Tanzania, tangu 2021, nyumba ya kawaida inakatwa kiasi kimoja kila mwezi ndani ya umeme wa kulipa mbele. Sisi hapa hatubishi bei. Tunabisha kipimo, aina, rangi, mwaka na jina. Na hapo njo makosa yanajaa: nyumba ya matofali mabichi inaandikwa villa, kiwanja kilichouzwa miaka mitatu iliyopita kingali kwa jina la marehemu, mwaka uliolipwa unaombwa tena sababu risi ilipotea.

Kuna tena msamaha ambao hakuna anayeusema kwa sauti. Sheria hiyo hiyo inawatoa katika kodi, kwa nyumba wanayokaa wenyewe, watu waliopita miaka 55 siku ya tarehe 1 Januari, na wajane, kama mapato yao ni madogo na kama wanakaa humo peke yao ao na wale wanaowalea. Lakini haukujii nyumbani. Lazima uandike deklarasyo na kuomba. Mama yetu amekaa miaka kumi na moja akilipa kitu ambacho pengine hakupaswa kulipa hata franka moja, sababu hakuna aliyemwambia. Ndugu, mwende muulize bibi zenu leo. (Na kama bibi amepangisha chumba kimoja kwa mwalimu, hapo mambo yanabadilika. Pesa ya kupangisha iko na kodi yake nyingine kabisa, msichanganye.)

Tarehe: kodi inafuata hali ya nyumba siku ya 1 Januari, na deklarasyo inatakiwa kabla ya tarehe 1 Februari. Ukiuza mwezi wa tatu, mwaka ule ungali wako. Wengi wanagombana na waliowauzia juu ya hii tu.

Na kubisha je? Hapa tuseme polepole. Kipande cha karatasi cha yule mutu si kitu cha kubisha, sababu bado si kodi. Kodi inakuwa kodi pale unapopokea karatasi yenye jina la huduma, namba, jina lako, mwaka, kiasi, sahihi na kashe. Mara nyingi inaandikwa juu «avis de mise en recouvrement». Siku unayoipokea, andika tarehe juu yake kwa mkono wako, sababu saa inaanza kuhesabu.

Kwa Loi n° 004/2003 ya tarehe 13 Machi 2003 juu ya utaratibu wa kodi, una miezi sita ya kupeleka «réclamation». Si lazima avoka. Ni barua: mimi fulani, nyumba yangu iko avenyu fulani, mumeandika 450, metre inasema 72, huu hapa mchoro, hizi hapa picha, naomba murekebishe. Lazima useme sababu. Barua ya kulia tu, «niko maskini, munisamehe», inatupwa. Peleka mbili, moja ibaki, nyingine urudi nayo imepigwa kashe na tarehe. Wao nao wana miezi sita ya kujibu. Wakinyamaza mpaka mwisho, sheria inahesabu kama wamekataa, na hapo mlango wa Cour d'appel unafunguka. Iko Kolwezi. Njia ya Kolwezi tunaijua sisi wote, hasa wakati wa mvua, kwa hiyo hatutadanganya mutu kama ni jambo rahisi. Ndiyo sababu barua ya kwanza lazima iwe nzuri.

Na pesa, hata ile unayokubali kuwa unadaiwa, usiitie mkononi mwa mutu mlangoni. «Nusu leo» haiingii kwa Leta. Na risi ya kodi isikudanganye: si karatasi ya umiliki. Kwa sheria ya udongo ya 1973 udongo ni wa Leta, na kinacholinda haki yako ni certificat d'enregistrement. Kuna bazee wanaoficha risi za miaka ishirini wakifikiri ndizo zitawatetea siku mwenye nguvu atakapokuja.

Ndani ya kundi letu wenyewe tulibishana. Wengine walisema: hakuna njia, hakuna maji, basi hakuna kodi, tusilipe. Tunaelewa hasira ile, nasi tuko nayo. Lakini kukataa kulipa bila karatasi kunampa yule wa jile nguvu zaidi, sababu sasa mama ana deni kweli, na mutu mwenye deni anaogopa. Mwenye barua yenye kashe haogopi hivyo. Isitoshe, ukitaka kumuuliza gavana pesa ya Dilolo imeenda wapi, ni vizuri uwe na risi mkononi.

Na swali hilo tutaliuliza. Kodi ya migodi, ile redevance, tangu Kode ya madini ya 2018 inagawanywa: 50% Kinshasa, 25% provinsi, 15% kwa komune, sekta na shefri zenye mgodi, 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Dilolo haina migodi kama Kolwezi, kwa hiyo hapa nyumba ya mama inakuwa ndiyo mgodi. Tunaomba mambo matatu tu: bei za kodi na rangi ya mahali petu zibandikwe ukutani kwa biro ya teritware, kwa Kifaransa na Kiswahili, kila ajenti atembee na ordre de mission yenye picha, na kila mwaka itangazwe Dilolo ilitoa kiasi gani.

Tuko na diplome, na wengi wetu hatuna kazi. Basi wakati tunao. Kila Jumamosi kuanzia saa tatu ya asubuhi tutakaa karibu na gare na metre mbili na karatasi. Lete risi zako za zamani, lete ile karatasi uliyopewa, na kama bibi yako hawezi kutembea tutakwenda kwake. Kupima na kuandika barua ni bure.

Mama aliweka deklarasyo yake Jumanne: mita 72, mjane, wajukuu wanne nyumbani. Kopi ina kashe. Yule mutu wa jile hajarudi, na siku tatu zilipita zamani.