Daftari la Wiki: Miguu Ndiyo Inayolinda Msitu

Mvua imenyesha usiku kucha na vijia vya Msitu wa Karura, hapa Nairobi, vinateleza. Kwenye kila dimbwi utaona jambo lile lile: wa kwanza amelikwepa kwa kukanyaga nyasi za kando, wa pili amekwenda mbali zaidi, na kabla mwezi haujaisha kijia cha watu wawili kimepanuka hadi lori lingeweza kupita. Jamani, piteni katikati. Viatu huoshwa. Mche uliokanyagwa hauoti tena.

Wenye baiskeli nao wanahusika. Ukibana breki ya nyuma ghafla kwenye mteremko wenye tope, tairi huburuzika na kuchimba mfereji. Mvua inayofuata inaupata mfereji huo tayari na kuufanya mto. Waliochonga vijia vizuri walivikatisha mlima ubavuni badala ya kuvishusha moja kwa moja, na wakaviinamisha kidogo upande wa bonde ili maji yatoke mapema. Yale magogo yaliyolazwa mshazari njiani yana kazi hiyo hiyo ya kuyatoa maji. Kila siku nawaona vijana wakiyarukia kwa baiskeli mpaka yanang'oka, halafu wiki mbili baadaye ni hao hao wanaolalamika kwamba njia imeharibika.

*

Mtu mzima, akili timamu, anaingia msituni saa kumi na mbili na nusu asubuhi na spika mgongoni inayonguruma. Kwa nini?

*

Kengele. Nimeandika kuhusu kengele za baiskeli mara nyingi na nitaendelea mpaka kila baiskeli iwe nayo.

Wiki hii, kwenye mteremko unaoelekea mtoni, kijana mmoja alimpita bibi aliyebeba mzigo wa kuni, kasi, bila sauti yoyote. Bibi aliyumba, akashika mti, mzigo ukamteleza hadi begani. Kijana alisimama mbele kidogo, akarudi akiisukuma baiskeli.

"Pole sana, shosho. Sikukuona."

"Ungenionaje, mjukuu wangu? Ulikuwa unatazama saa mkononi."

Ni kweli. Nilimwona akiitazama. Siku hizi wengi hukimbiza dakika zao wenyewe, na mtu wa miguu amegeuka kuwa kitu kinachowachelewesha. Basi turudie utaratibu unaofuatwa na waendesha baiskeli waungwana kila mahali: mwenye baiskeli humpisha mwenye miguu, anayeshuka humpisha anayepanda, na ukikaribia kona usiyoona mbele yake unapiga kengele na kupunguza mwendo. Yule kijana, kwa sifa yake, alimtwika bibi mzigo vizuri na kuondoka taratibu. Lakini baiskeli yake bado haina kengele.

*

Msomaji ameniuliza kwa nini kila mara narudi Karura, kana kwamba Kenya haina msitu mwingine. Ni swali la haki, na leo nalijibu kwa urefu.

Karura ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932. Una hekta 1,041 hivi, na umezungukwa na mitaa ya ardhi ghali kuliko karibu yote ya Nairobi: Muthaiga huku, Gigiri na Runda kule. Bei hiyo ya ardhi ndiyo iliyokaribia kuumaliza. Miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa wajenzi kimya kimya, na kufikia mwaka 1998 mashine zilikuwa zinafyeka ndani. Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement wakaingia na miche. Tarehe 8 Januari 1999 walifika langoni wakakuta genge limewazuia. Waliposhambuliwa, Wangari alipasuliwa kichwa. Alikwenda kituo cha polisi kuandikisha taarifa, na pale penye sahihi akaweka alama kwa damu yake mwenyewe. Agosti mwaka ule ule Rais Moi akatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi za umma.

Wengi wakisimulia habari hii huishia hapo, kwa damu na ushindi. Mimi nataka tuangalie miaka kumi iliyofuata, maana hapo ndipo pana funzo ambalo Nairobi bado haijalishika vizuri. Msitu ulinusurika, lakini nani aliingia? Karura ulikuwa jina la kuogofya. Wezi walijificha humo. Wazazi waliwakataza watoto hata kuukaribia. Wakataji wa magogo walifanya kazi yao bila wasiwasi, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwaona. Msitu uliokombolewa kwa damu ya watu ulikuwa hauna watu.

Kilichobadilisha mambo ni vijia. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliruhusu wananchi wanaoishi jirani na misitu kuunda vyama na kuisimamia pamoja na Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS. Mwaka 2009 chama cha Friends of Karura Forest kikaanza. Ukawekwa uzio wa umeme. Vijana wa mitaa ya jirani, pamoja na Huruma, mtaa duni unaopakana na msitu, wakapewa mafunzo na kazi ya ulinzi. Njia zikafyekwa, makutano yakawekewa nguzo zenye namba, na mwaka 2011 malango yakafunguliwa kwa umma. Leo kuna zaidi ya kilomita 50 za njia za kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli. Wanawake hukimbia peke yao alfajiri mahali ambapo zamani hata mwanamume hakuthubutu kupita.

Wako wanaosema uzio ndio ulioleta usalama. Uzio ulisaidia, sikatai. Lakini uzio hauoni kisiki kipya. Hausikii harufu ya moshi wa mkaa. Haujui kwamba kigingi cha mpima ardhi kilichosimama kando ya kijia leo hakikuwapo jana. Anayejua ni yule mama anayepita hapo kila Jumanne na mbwa wake, ni kundi la wanafunzi wanaokimbia jioni, ni fundi anayekodisha baiskeli langoni. Anayetaka kunyakua ardhi ya umma hutafuta mahali ambapo hakuna atakayeuliza. Ukiujaza msitu watu wanaoujua kona kwa kona, umempa mnyakuzi kazi ngumu kuliko amri yoyote ya mahakama.

Sasa tazameni Msitu wa Ngong Road, upande wa pili wa jiji. Nao ni wa hifadhi tangu miaka ile ile ya ukoloni. Umemegwa, ukamegwa tena, na barabara ya Southern Bypass ikapita ndani yake. Una vijia vizuri, una ndege, una kivuli, na wakazi wengi wa Kibera na Lang'ata hawajawahi kukanyaga humo kwa sababu ya woga ule ule uliokuwa Karura. Wanaoupigania ni wachache na wanastahili heshima. Ila hawatashinda wakiwa wachache.

Ndiyo maana narudi Karura. Nataka kila msitu wa jiji hili uwe na watu kama Karura.

*

Arboretum ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kupanda kwa ajili ya reli, na Jumapili alasiri bado ndipo mahali bora kabisa pa kumfundisha mtoto tofauti ya mti mmoja na mwingine.

*

Wanaopanga kwenda Hell's Gate mvua hizi, nisikilizeni.

Naipenda hifadhi ile. Ilianzishwa mwaka 1984, ina kilomita za mraba 68 hivi, na ni moja ya hifadhi chache za taifa nchini ambako unaruhusiwa kuingia kwa baiskeli au kwa miguu, bila gari. Unakodi baiskeli langoni, unapita chini ya Fischer's Tower, na punda milia wanainua vichwa kukutazama. Twiga wanavuka mbele yako bila haraka. Vumbi la Bonde la Ufa linaingia katika mnyororo mpaka gia zinalia. Kwa mtu aliyezoea kutazama wanyama kupitia dirishani, kuwaona ukiwa juu ya tandiko la baiskeli ni jambo jingine kabisa. (Nyati pia wapo. Ukimwona amesimama peke yake karibu na njia, simama, rudi nyuma, subiri kundi la wenzako.)

Lakini korongo la Ol Njorowa, lililo ndani ya hifadhi hiyo, si mahali pa mchezo. Aprili 2012 maji ya ghafla yaliwaua vijana saba wa kikundi cha kanisa. Septemba 2019 yakaua watu saba tena, akiwamo kiongozi wa watalii aliyekuwa akiwaongoza wenzake. Kuta za korongo ni ndefu na zimebana. Mvua inaweza kuwa inanyesha mbali, juu milimani, wakati wewe unatazama anga la buluu. Maji yakikufikia hakuna pa kupanda. Askari wa hifadhi akikwambia korongo limefungwa, usimbembeleze, usimtolee noti, usitafute kijana wa kukupitisha kwa nyuma. Endesha baiskeli yako juu, kwenye uwanda. Uzuri wa Hell's Gate hauko korongoni peke yake.

*

Chupa za plastiki, tena. Tangu tarehe 5 Juni 2020 ni marufuku kuingiza plastiki ya kutumika mara moja katika hifadhi, misitu na fukwe zinazolindwa za Kenya. Wiki hii karibu na maporomoko ya Karura niliokota chupa, vifuniko na mrija, vyote vimesukumwa chini ya mzizi kana kwamba mzizi ni pipa. Nunua chupa ya chuma mara moja tu na itakufaa miaka mingi.

*

Kima wa Karura wameanza kufungua zipu za mikoba. Wamefundishwa na sisi tuliowapa ndizi. Mbega, wale weusi kwa weupe waliorejeshwa msituni humo kutoka maeneo ya Kipipiri, bado wanakaa juu na kula majani yao. Tusiwaharibu na hao.

*

Furaha ya wiki: msichana wa miaka tisa hivi, baiskeli ya kukodi iliyomzidi kimo, baba yake akikimbia nyuma akishikilia tandiko. Baba aliachia bila kusema. Mtoto akaenda, akaenda, akapita nguzo ya kwanza, ndipo akageuka na kumwona baba yuko mbali. Alipiga kelele ambayo nadhani ilisikika Gigiri. Watu tusiowajua tulipiga makofi. Nairobi ina sehemu chache sana ambapo mtoto anaweza kujifunza kuendesha baiskeli bila gari kumpita ubavuni.

*

Mkiona Karura miti mirefu myeupe iliyosimama kwa safu, hiyo ni mikaratusi. Ilipandwa kwa kuni za treni za reli ya wakati wa ukoloni, na treni zikaacha kuni zamani. Sasa inakatwa kidogo kidogo na mahali pake inarejeshwa miti ya asili kama muhugu, ule ambao wachonga vinyago wameumaliza kwingineko. Kwa hiyo usipige picha ya kisiki cha mkaratusi na kuandika mtandaoni kwamba Karura unaangamizwa. Uliza kwanza mti gani umekatwa, na uliza umepandwa upi.

*

Mwisho, jambo ambalo sitaliacha: barabara ya kufika langoni.

Ndani ya Karura mtu yuko salama juu ya baiskeli. Nje yake, kwenye Kiambu Road, anakabwa kati ya matatu na mtaro. Aliye na gari anafungua buti, anatoa baiskeli, anaingia. Kijana wa Mathare au Githurai, ambaye baiskeli ndiyo gari lake, lazima ahatarishe maisha ili afike mahali palipotengwa kwa ajili yake. Si lazima iwe hivi. United Nations Avenue, pale pale Gigiri, iliwekewa njia ya miguu na ya baiskeli. Wahandisi wetu wanajua kazi hiyo. Ikifanyika kwenye malango yote ya misitu ya jiji, gharama yake itakuwa ndogo mno ikilinganishwa na daraja moja la juu.

Na ada ya langoni. Ugomvi wa mwaka 2025, KFS ilipoelekeza malipo yapitie eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, na Friends of Karura wakapinga, mnaukumbuka. Msimamo wangu ni mmoja: shilingi inayolipwa na mtembea msituni irudi msituni, ikajenge vidaraja, ikalipe walinzi, ikatengeneze zile njia zilizoliwa na maji. Na ada isipandishwe hadi familia ya watu watano iamue kubaki nyumbani. Familia hiyo ikibaki nyumbani, msitu umepoteza walinzi watano.

Upanuzi wa barabara zinazopakana na misitu utaendelea kuzungumzwa, na Katiba ya mwaka 2010 inataka umma ushirikishwe. Tangazo la mkutano wa maoni likitoka, nenda. Waambie unatembea humo, waambie njia gani na siku gani, na uwatake wakuonyeshe kwenye ramani baiskeli yako itapita wapi.