Piano: Robo Saa Kila Siku Inashinda Saa Tatu za Jumamosi



Wengi wetu hapa Etobicoke, kuanzia Rexdale mpaka kwenye maghorofa ya Kipling, tumewaandikisha watoto masomo ya piano. Ni jambo zuri. Tatizo ni mazoezi ya nyumbani. Wiki nzima sisi wazazi tuko kwenye boksi, kinanda kimefunikwa kitambaa. Ikifika Jumamosi, mtoto anakalishwa saa mbili tatu mfululizo ili mwalimu asitushangae. Akisema mkono unauma, tunamjibu, "Acha uvivu, ada nalipa mimi!"

Kwa maoni yangu hapo tunakosea, tena kiafya.

Kwanza, vidole hujifunza kidogo kidogo. Usingizi husaidia ubongo kuhifadhi kilichofanyiwa mazoezi mchana. Mtoto anayepiga dakika 15 kwa siku sita anapata dakika 90 na usiku sita wa kuhifadhi. Wa Jumamosi anapata usiku mmoja, na chuki juu.

Pili, kano za mkono huchoka. Glenn Gould, mpiga piano maarufu duniani aliyezaliwa hapa hapa Toronto mwaka 1932, alisumbuliwa na mikono yake mwaka 1977 hadi akawa anaandika shida hiyo kwenye shajara. Ikiwa gwiji kama yule mikono ilimgomea, mtoto wako wa miaka tisa ni nani?

Basi jaribu hivi:

1. Chagua saa moja isiyobadilika, kwa mfano baada ya chai ya jioni, kabla ya televisheni. Kama uko zamuni, mwachie dada mkubwa au bibi asimamie. Si lazima ajue muziki, kazi yake ni kutazama saa.

2. Viwiko viwe usawa wa vibao vya kinanda, na miguu ikanyage sakafu au kigoda. Gould alikalia kiti cha chini mno, lakini usimwige.

3. Wakati wa baridi, apashe mikono joto kwanza. Vidole vilivyotoka kwenye theluji havifai kukimbizwa.

4. Aanze na sehemu ngumu akiwa hajachoka, polepole, mkono mmoja mmoja. Kurudia wimbo anaoujua tayari ni burudani tu.

5. Akitumia hedifoni kwa ajili ya majirani, sauti iwe ya chini.

6. Maumivu, ganzi au kuchomachoma ni amri ya kuacha. Yakiendelea siku kadhaa, mpeleke kwa daktari wa familia. Mwenye kadi ya OHIP halipii kumwona daktari huyo, kwa hiyo usisingizie pesa.

Na ninyi mnaopiga kinanda kanisani, haya yanawahusu pia. Mtu aliyefunga maboksi kiwandani usiku kucha ana mikono iliyochoka tayari. Lala kwanza, dakika 20 baadaye zitakufaa zaidi kuliko saa nzima ya kusinzia.

Najua wapo watakaosema sisi tulilelewa kwa ukali na tukafaulu. Sawa, lakini jiulize: wangapi kati yetu bado tunapenda kile tulicholazimishwa? Mimi ningependa mwanangu apige piano akiwa na miaka arobaini, kwa mikono mizima, na kwa hiari yake.

Haba na haba, ndugu zangu. Leo jioni, robo saa tu.