Hatimiliki za Kilifi Zinatoka Nairobi, Si New York

Kila uchaguzi ukikaribia, suala la Mwambao, yaani ukanda wa pwani wa maili kumi, hurudi mabarazani Malindi, Takaungu na Mtwapa. Wako wanaodai kwamba mkataba wa Maili Kumi umekwisha muda wake na Pwani ijitenge. Wako wanaotaka kesi ipelekwe Umoja wa Mataifa. Msimamo wetu ni huu: hakuna chombo cha kimataifa kitakachoufungua mpaka wa Kenya, na anayewaahidi watu wetu hilo anawapotezea wakati. Lakini dhuluma ya ardhi ni ya kweli. Ina tarehe, ina karatasi, na mdaiwa wake anajulikana. Ni Serikali ya Kenya.

Tuanze na karatasi. Tarehe 14 Desemba 1895, Sultani wa Zanzibar aliipa Uingereza mamlaka ya kuuendesha ukanda wa pwani kwa malipo ya pauni 11,000 kwa mwaka. Bendera ilibaki yake, amri ikawa ya Mwingereza. Miaka 65 baadaye, tarehe iyo hiyo, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio 1514, likatamka kwamba watu wote wanaotawaliwa na wageni wana haki ya kujiamulia mambo yao. Azimio hilo liliwapa nguvu wapigania uhuru kote Afrika, na Kenya ilifaidika nalo. Ila kifungu chake cha sita kinapinga kuvunjwa kwa umoja na mipaka ya nchi. Je, mwenye haki ya kujiamulia alikuwa Mkenya kwa jumla, au mkazi wa ukanda wa maili kumi? Azimio halikujibu. Wakubwa walijibu kwa niaba yetu.

Kwingineko watu waliulizwa wenyewe: Togo ya Waingereza ilipiga kura juu ya hatima yake mwaka 1956, na Kameruni ya Waingereza mwaka 1961, chini ya macho ya Umoja wa Mataifa, kwa sababu nchi hizo zilikuwa za udhamini wa umoja huo. Mwambao ulikuwa chini ya mkataba wa Sultani na Uingereza, na wenye mkataba waliona inatosha kumtuma mtu mmoja, Sir James Robertson, aliyewahi kuwa Gavana Mkuu wa Nigeria. Mwaka 1961 alisikiliza maoni, kisha akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Sanduku la kura juu ya swali hilo halikuwekwa Malindi wala Mombasa.

Hata hivyo, Pwani yenyewe haikuwa na kauli moja. Mwambao United Front ilitaka kujitawala. Ronald Ngala, mwana wa Kilifi na kiongozi wa chama cha KADU, aliitaka Pwani ndani ya Kenya yenye majimbo. Wamijikenda wengi hawakuona wangefaidi nini kwa kurejeshewa Sultani. Anayesimulia leo kwamba Wapwani wote walitaka kujitenga na wakanyimwa, anasimulia nusu ya historia.

Kilichofunga mjadala ni barua za tarehe 5 Oktoba 1963 kati ya Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar. Kenyatta aliahidi uhuru wa kuabudu, kulindwa kwa mahakama za Kadhi, na watoto wa Kiislamu kufundishwa Kiarabu. Aliahidi pia jambo la ardhi: hatimiliki zilizokwisha kusajiliwa Pwani zitatambuliwa siku zote.

Hapo ndipo penye kidonda. Hatimiliki hizo zilitokana na sheria ya mkoloni ya mwaka 1908, iliyomtaka kila mwenye dai alifikishe kwa msajili; ardhi isiyodaiwa ikawa mali ya Mfalme wa Uingereza. Walioweza kuitumia sheria hiyo walikuwa hasa Waarabu na Waswahili wa mijini. Mgiriama wa jamii ya Mijikenda, ambaye ardhi yake ilikuwa ya ukoo na ushahidi wake ni makaburi na kauli za wazee, alikaa nje ya daftari. Mekatilili wa Menza, aliyehamasisha watu wakatae kodi, kazi za kulazimishwa na kupokonywa ardhi, alikamatwa mwaka 1913 na kupelekwa Kisii. Mwaka uliofuata Waingereza waliilipua Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama msituni, na kuwafukuza Wagiriama waliokuwa kaskazini ya Mto Sabaki.

Kwa hiyo, aliyeandikwa na mkoloni alilindwa na makubaliano ya serikali mbili. Aliyeachwa nje ya daftari aliamka huru tarehe 12 Desemba 1963 akiwa skwota kwenye shamba la babu yake. Siku nne baadaye Kenya na Zanzibar ziliingia pamoja katika Umoja wa Mataifa. Hakuna aliyeuliza habari za skwota.

Tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi ya Zanzibar yaliiangusha serikali ya Shamte, na upande mmoja wa barua zile ukatoweka. Mwishoni mwa mwaka huo KADU ilikuwa imevunjwa, na majimbo yakafutwa. Julai 1964, mjini Cairo, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliapa kuheshimu mipaka iliyorithiwa siku ya uhuru. Tunauunga mkono uamuzi huo hata leo. Majirani zetu wa Kaskazini Mashariki waliulizwa mwaka 1962 na tume ya Uingereza, wengi wakataka kujiunga na Somalia, na swali hilo likaishia katika vita vya shifta vilivyoua na kufukarisha watu hadi 1967. Pwani haihitaji mlango wa namna hiyo.

Lakini mashirika ya kimataifa hayakuishia kwenye mipaka. Mwaka 1981, Nairobi ikiwa mwenyeji, wakuu wa Afrika walipitisha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, unaotambua haki ya kila jamii kujiamulia na kufaidi mali yake ya asili. Wakatanga walipoutumia kudai kujitenga na Zaire, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliwakatalia mwaka 1995. Waendorois wa Ziwa Bogoria hawakudai nchi. Walidai ardhi yao, na Tume ikawapa ushindi dhidi ya Kenya, uamuzi uliotangazwa mwaka 2010. Waogiek wa Mau walishinda katika Mahakama ya Afrika jijini Arusha mwaka 2017. Mwaka 2022 mahakama hiyo ikaamuru walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157 na wapewe hatimiliki ya pamoja.

Funzo liko wazi. Aliyeomba bendera alirudi mikono mitupu, na aliyeomba shamba alishinda. Aibu ni ya Nairobi, ambayo imesuasua kuzitekeleza hukumu zote mbili.

Hapa kwetu pia dunia imewahi kutusikia. Mwaka 2008 UNESCO iliziorodhesha kaya za Wamijikenda, Kaya Fungo ikiwamo, kuwa urithi wa dunia. Msitu uliolipuliwa na mkoloni sasa unalindwa kwa jina la walimwengu wote. Kama dunia inakiri kwamba wazee wa Kigiriama waliishi hapa karne na karne, serikali haina uso wa kumwambia mjukuu wao kwamba ni mvamizi.

Tunadai mambo manne.

Kwanza, serikali itumie ruhusa iliyomo katika barua zile zile za 1963. Zinasema ardhi yenye hati yaweza kutwaliwa kwa manufaa ya umma, mwenyewe akilipwa fidia kamili bila kucheleweshwa. Kuwapa ardhi watu walioilima vizazi kwa vizazi ni manufaa ya umma. Mashamba ya wamiliki wasioishi hapa yanunuliwe kwa bei ya haki, yapimwe, na wakulima waliomo wapewe hatimiliki. Mwenye hati asionewe, na mlimaji asifukuzwe.

Pili, madai ya dhuluma za kihistoria yasifungiwe mlango. Sheria ya mwaka 2016 iliweka miaka mitano tu ya kuyafikisha mbele ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Dhuluma ya mwaka 1908 haiwezi kupangiwa tarehe ya kuchacha.

Tatu, Kenya itoe tamko la kumruhusu mwananchi aende moja kwa moja katika mahakama ya Arusha. Iliridhia itifaki ya mahakama hiyo mwaka 2004 bila kutoa tamko hilo, ndiyo maana Waogiek walilazimika kupitia Tume ya Afrika. Serikali isiyoogopa haki haizibi njia ya kuifikia.

Nne, Kaunti ya Kilifi iajiri wanasheria na wapima ardhi wa kukusanya ushahidi sasa hivi: kauli za wazee, makaburi, minazi na mikwaju iliyopandwa na mababu. Wazee wanaondoka, na kesi ya ardhi bila ushahidi ni malalamiko tu.

Kwa ndugu zetu wanaopaza sauti ya "Pwani si Kenya", tunaijua hasira yenu na chanzo chake. Serikali ililipiga marufuku vuguvugu la kaulimbiu hiyo, Mombasa Republican Council (MRC), mwaka 2010, Mahakama Kuu ikaifuta marufuku hiyo mwaka 2012, na Mahakama ya Rufaa ikaukubali uamuzi huo mwaka 2016. Polisi hawajawahi kulijibu swali la ardhi. Lakini kaulimbiu nayo haijampa hata mkulima mmoja hati. Nguvu hiyo ielekezwe kwenye kesi, kwenye bunge la kaunti na kwa wabunge wetu huko Nairobi.

Ahadi ni deni. Mwaka 1963 Kenya iliahidi kumlinda mwenye hati Pwani, na imetimiza. Sasa imlipe asiye nayo.