Neno la Mhariri: Ushauri Usio na Risiti

Ukiuliza teknolojia ya medianuwai ilianzia wapi Nairobi, wengi watakuelekeza Ngong Road, kwenye iHub iliyofunguliwa mwaka 2010. Sina ugomvi na iHub, maana mengi mazuri yalizaliwa pale. Lakini tukiufanya mwaka huo kuwa mwaka wa kwanza, mitaa ya Eastlands, mashariki mwa jiji, itakuwa imefutwa, na toleo hili tumeliandaa isifutwe.

Mwaka 1997, chini ya chama cha michezo cha vijana cha MYSA kule Mathare, watoto walipewa kamera za bei rahisi waupige picha mtaa wao kama wanavyouona wao. Mpiga picha Lana Wong alikuwa miongoni mwa walioiongoza kazi hiyo, na mwaka 1999 picha zikatoka kitabuni, Shootback. Mwaka 2000 NairoBits ikaanza kuwafunza vijana wa mitaa ya mabanda kubuni tovuti, ikishirikiana na Butterfly Works ya Amsterdam. Nyaya za intaneti za baharini zilikuwa hazijafika Mombasa, zilifika 2009. Intaneti ilikuja kwa setilaiti, ya polepole na ya ghali, na bado kulikuwa na kijana wa mabanda aliyeketi mbele ya kompyuta akijifunza kupanga maandishi, picha na sauti pamoja. Mbinu hiyo ikasafiri: Zanzibar wakapata ZanziBits, Kampala wakapata KampaBits.

Miaka hiyohiyo studio ya Calif Records, iliyobeba jina la mtaa wa California pale Eastleigh, ilikuwa ikirekodi muziki wa genge. Mwaka 2006 vijana wa Korogocho wakarusha redio ya Koch FM kutoka studio iliyo ndani ya kontena.

Lakini kampuni ninayotaka tuitazame kwa karibu haina jina mlangoni. Ni karakana inayovisha matatu za Umoja, Kayole na Buruburu.

Mwenye gari huja na basi dogo jipya, bati tupu, na ndoto kubwa kichwani. Fundi hakimbilii spana. Huuliza kwanza: gari litafanya njia ipi? Litabeba watu wa kazi alfajiri, au wanafunzi na vijana wa jioni? Hufungua kisanduku cha betri akachungulia. Humwambia mwenye gari kwamba skrini anazotaka, taa za sakafuni na spika nzito chini ya kiti cha nyuma haziwezi kulishwa na umeme huo usiku kucha. Apunguze skrini moja, aongeze betri, ampilifaya isikae karibu na injini maana joto litaiua. Huchukua kipande cha kadibodi akachora mahali nyaya zitakapopita. Saa nzima hupita hivyo, na hakuna skrubu iliyokazwa.

Hatimaye huhesabu gharama: nyaya, spika, kazi ya siku tatu. Ile saa nzima haimo. Kadibodi huwekwa chini ya jiko jioni ikawashia moto.

Hoja yangu ni hiyo. Ushauri tumeutoa Eastlands miaka nenda miaka rudi, tukaugawa bure na kutoza jasho la mikono peke yake. Kwingineko katika jiji hilihili, maarifa ya namna ileile huandikwa kurasa kumi, yakatiwa muhuri na kulipiwa kabla kazi haijaanza.

Kutokuandika kumetugharimu zaidi ya fedha. Februari 2004, sheria za waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa, matatu zilitakiwa kuwa na mstari wa manjano, na michoro na muziki vikabanwa. Karakana zilipoteza kazi. Ni fundi yupi angeweza kwenda mbele ya ofisi yoyote akaonyesha alichopoteza, bila mkataba, bila ankara, bila hata picha ya gari alilolipamba? Miaka kumi ikapita kabla Rais Uhuru Kenyatta hajasema, mwaka 2014, kwamba michoro irudi, na kwamba vijana wanaoichora wanajitafutia riziki.

Najua kwa nini wengi hawakuandika. Kibao mlangoni huita askari wa kaunti, na kitabu cha hesabu huita mtoza ushuru. Hofu hiyo ina msingi, nami sitambeza mtu aliyenyamaza ili watoto wake wale. Ila kimya hicho ndicho kinachowapa wengine nafasi ya kuandika historia inayoanzia Ngong Road.

Basi, msomaji, tazama chini ya kitanda na juu ya kabati. Ukiwa na CD iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, diski ya kompyuta iliyoacha kuwaka, kitabu cha risiti cha studio iliyofungwa, au picha ya nganya, ile matatu iliyopambwa, ambayo leo ni chuma chakavu, usitupe. Tuletee tunakili, kisha uondoke na mali yako. Nawe fundi, mteja ajaye akikuuliza anunue nini na akiweke wapi, jibu lako liandike kwenye karatasi, na chini yake uandike bei.