Bustani kwa Mama Asiyeweza Kuinama

Mwezi huu tuwakumbuke wenzetu ambao kiharusi, ajali, uzee au maumivu ya magoti yamewanyima nguvu ya kuinama.

Hapa Tunduma tulikuwa tukimtembelea mama mmoja aliyepooza upande wa kushoto. Zamani alilima mwenyewe. Sisi wa kanisani, kwa huruma, tukamlimia tuta la mchicha nyuma ya nyumba, tukalimwagilia na kumchumia. Alishukuru. Lakini siku moja alisema, "Wanangu, nimekuwa mgeni nyumbani kwangu." Tuliondoka kimya. Wazee husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulikuwa tumemnyang'anya hata kazi ile aliyoiweza.

Basi tukaanza upya, safari hii kwa kumwuliza yeye. Tulimketisha kwenye kiti imara, akanyosha mkono mzima mbele na pembeni. Pale ulipofika bila kuinama ndipo tulipopima. Kwa mtu aliyekaa, udongo ulioinuka sentimeta 60 hadi 70 hufaa. Kwa anayesimama na fimbo, uwe usawa wa kiuno. Kama anafikia upande mmoja tu, upana usizidi sentimeta 60. Njia iwe na upana wa mita 1 au zaidi, ishindiliwe moramu, ili fimbo au magurudumu ya kiti yasizame wakati wa mvua.

Iliyo rahisi ni bustani ya gunia. Huko Kibera, Nairobi, ilienea tangu mwaka 2008, baada ya machafuko ya uchaguzi, maana wakazi hawakuwa na ardhi. Fanya hivi: changanya madebe 2 ya udongo na debe 1 la samadi iliyooza. Liweke gunia mahali pake kwanza, maana likijaa halihamishiki. Katikati simamisha kopo kubwa lisilo na kitako, lijaze kokoto, zungushia udongo, kisha vuta kopo juu na kurudia mpaka kimo ulichopima. Kokoto hizo hupitisha maji hadi chini. Toboa matundu ubavuni, upande anaoufikia, upande miche ya sukuma wiki au spinachi. Juu weka vitunguu.

Kiangazi, Mei hadi Oktoba, maji yaliyooshea mchele na mboga yasimwagwe ovyo. Weka ndoo na kikombe karibu naye, asibebe dumu.

Tena tuzingatie afya. Afanye kazi asubuhi au jioni, kidogo kidogo, akipumzika. Mwenye kisukari au ganzi ya miguu avae viatu, na nyayo zichunguzwe kila jioni. Mkono dhaifu nao upewe kazi: ushike mche wakati mkono mzima unafukia. Dawa za presha zisiachwe eti kwa sababu amepata nguvu.

Yule mama sasa hutumia kijiko kikubwa badala ya jembe. Juzi tulipomtembelea alituambia tukae, akachuma mwenyewe, akatufungia fungu la sukuma wiki. Tulilipokea kwa mikono miwili.

Nawe mama, kabla ya kumlimia mama mkwe au jirani yako, mwulize kwanza mkono wake unafika wapi.