Tupewe Nusu Saa ya Kutazama Nyota



Wasomaji wa Chiola wote waujua mti wa mpingo. Lakini uko Mpingo mwingine mbinguni. Mwaka 2019, Umoja wa Kimataifa wa wataalamu wa nyota ulipotimiza miaka 100, kila nchi iliyoshiriki ilipewa nyota moja na sayari yake izipe majina. Nyota ya Tanzania ikaitwa Mpingo, na sayari yake Tanzanite. Nyota hiyo imeanza kuzeeka na kuvimba. Kipenyo chake chapita mara mbili kile cha jua letu. Tanzanite huizunguka kwa siku tatu hivi, na kila ipitapo mbele yake nuru hupungua kidogo, chini ya sehemu moja katika mia. Ndivyo ilivyogunduliwa.

Nyota ikiwa jitu hasa, kazi huwa ngumu. Sayari mbele yake ni kama usubi mbele ya karabai. Tena majitu hayo huvimba na kunywea kama mtu apumuaye, na mwendo huo waweza kumdanganya mtaalamu. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba Aldebaran ina sayari. Mwaka 2019 wengine walipima tena wakatia shaka.

Baadhi ya wenzangu husema mambo haya ni ya wenye darubini kubwa, sisi tutafute maji kwanza. Maji twayahitaji, ni kweli. Lakini jua letu nalo litakuwa jitu baada ya miaka kama bilioni 5, na watafutao sayari za majitu wataka kujua kama dunia mfano wa hii husalia au humezwa. Sioni kwa nini swali hilo liwe la watu wengine tu.

Mpingo hauonekani kwa macho matupu. Aldebaran huonekana, nyekundu, karibu na Kilimia ambacho wakulima wa zamani walikitazama kujua majira. Basi nawaomba walimu watupe nusu saa baada ya masomo ya usiku, siku isiyo na mwezi, taa za nje zikiwa zimezimwa. Giza kama letu miji mikubwa hawanalo. Katikati ya Januari, saa tatu usiku, Aldebaran huwa juu upande wa kaskazini, mawingu yakiruhusu. Sisi tutakuwa tumekwisha kuondoka. Nawaombea Kidato cha Tatu, watakaokuwa wameingia darasa letu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne