Jaji wa Kwanza Yuko Nyumbani

Mama mwenzangu, bila shaka umewahi kuyaona. Jukwaa linameremeta, muziki unapigwa, na wasichana warefu wanapita mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na ukanda wenye jina la nchi yake. Watoto wamejaa sebuleni na kila mmoja ana chaguo lake: "Mimi namtaka yule wa Jamaika!" "Mimi yule wa Kenya!" Baba naye, aliyesema amechoka anataka kulala, ghafla usingizi umemwisha.

Mwezi huu sitakuomba uzime televisheni. Ukiizima, binti yako atakwenda kutazama kwa jirani au kwenye simu ya rafiki yake, na huko hatakuwa na mtu wa kumweleza anachokiona. Nakuomba ukae naye mtazame pamoja. Ila tazama kwa jicho lile lile unalokwenda nalo sokoni kununua samaki. Huangalii magamba yanayong'aa tu. Unafunua na mashavu.

Kwanza tujue mambo haya yalianzaje. Mashindano ya Miss America yalianza mwaka 1921 katika mji wa Atlantic City. Wafanyabiashara wa mji ule wa pwani walitaka watalii wasifungashe mizigo mapema majira ya joto yanapokwisha. Miss World ilianza London mwaka 1951. Mwanzilishi wake, Eric Morley, alikuwa mtu wa kutangaza biashara katika kampuni ya kumbi za dansi, na wasichana walishindana wakiwa wamevaa bikini. Mshindi, Kiki Håkansson wa Sweden, alivishwa taji akiwa na vazi hilo hilo. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza uzuri wa msichana ulikuwa kama kibao cha duka: umewekwa nje ili wateja waingie ndani.

Leo biashara hiyo haijatoka. Subiri mapumziko ya matangazo uone kinachouzwa: sabuni, mafuta ya ngozi, dawa za nywele. Jukwaani binti yako ameonyeshwa sura ambayo hana. Kwenye tangazo anaonyeshwa chupa ya kuitafutia. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa hata kizuri kinatembezwa, na faida inakwenda kwa mwenye chupa.

Pili, itazame kamera yenyewe. Inaanzia wapi, usoni au miguuni? Chukueni saa mhesabu. Msichana anatembea kwa dakika ngapi, na anapewa muda gani wa kusema? Pengine ni mwanafunzi wa udaktari au wa sheria, lakini anaulizwa swali moja tu, akajibu upesi upesi na kushangiliwa. Tunaambiwa kwamba akili na tabia pia zinapimwa. Basi mwulize binti yako: kama ni hivyo, mbona hatumwoni msichana mfupi au mnene jukwaani? Watoto hulijibu swali hilo haraka kuliko sisi.

Tatu, jambo linalotugusa sisi wenyewe tuliozaa. Mwaka 1957 Leona Gage alishinda taji la Miss USA. Mara ikagundulika kwamba ameolewa na ana watoto wawili, na taji likachukuliwa. Mwaka 1974 Helen Morgan wa Wales alishinda Miss World. Siku nne baadaye alijiuzulu, kwa sababu magazeti yalikuwa yamejua kwamba ana mtoto mdogo. Ni mwanamke yule yule, na sura ni ile ile waliyoisifu juma lile. Kilichomwondolea sifa ni mtoto. Miss Universe ilibadilisha kanuni: kuanzia mashindano ya mwaka 2023 waliozaa na walioolewa waliruhusiwa, na mwaka uliofuata hata ukomo wa umri, uliokuwa miaka 28, ukaondolewa. Ni vizuri. Lakini ilichukua zaidi ya miaka 70 tangu Miss Universe ianze mwaka 1952 kukubali kwamba mama naye anaweza kuitwa mzuri.

Sisemi haya ili tuwatukane wale wasichana. Wengi wana nidhamu na bidii, na wapo waliofungua milango. Mwaka 2001 Agbani Darego wa Nigeria alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda Miss World. Nancy Sumari wa Tanzania alitwaa taji la Miss World Afrika mwaka 2005, na baadaye akawaandikia watoto kitabu, Nyota Yako. Flaviana Matata alipanda jukwaa la Miss Universe mwaka 2007 akiwa na kipara, na mwaka 2019 Zozibini Tunzi wa Afrika Kusini akalishinda akiwa na nywele zake fupi za asili. Mwonyeshe binti yako na hao pia. Mweleze kwamba kitabu huandikwa kwa akili na subira, wala hakihitaji taji. Hata Esta wa Biblia alipakwa mafuta na manukato miezi kumi na miwili, lakini tunamkumbuka kwa siku aliyoingia kwa mfalme bila kuitwa, akahatarisha maisha yake kwa ajili ya watu wake.

Sasa nakuja kwenye lililo moyoni mwangu. Taa za jukwaani zikizimwa, mashindano mengine yanaendelea ndani ya nyumba zetu. Nani hajasikia shangazi akisema, "Huyu mweupe ndiye atakayetuletea mahari nzuri"? Nani hajasikia mama akimwita binti mmoja "mrembo wangu" na mwingine "huyu kachukua sura ya baba yake"? Tunacheka, na mtoto anacheka pamoja nasi. Lakini miaka michache baadaye tunakuta kopo la mkorogo limefichwa chini ya godoro. Baadhi ya mafuta hayo yana zebaki, na Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba zebaki huharibu figo. Msichana anaweza kulipa kwa figo zake deni lililoanzishwa na mzaha wa sebuleni.

Majaji wa kwenye televisheni hawamjui binti yako, na kesho watakuwa wamekwenda zao. Jaji anayemwamini ni wewe. Kwa hiyo acha kulinganisha rangi za watoto wako, na mtu akifanya hivyo mbele yao, mzuie kwa heshima, hata akiwa wifi au mama mkwe. Acha kujisema vibaya mbele ya kioo, maana binti anayesikia mama yake akiutukana mwili wake atajifunza kuutukana wa kwake. Umsifu kwa jambo alilolifanya, ulitaje kwa jina: alivyomtunza mdogo wake, alivyosema kweli ilipokuwa vigumu, hesabu aliyoipata baada ya kukosea mara tatu. Na siku moja moja, bila sababu yoyote, mwambie kwamba ni mzuri. Asingoje kuambiwa hivyo na mtu wa nje mwenye kitu cha kumwuzia.